Dirisha la Kuonjea

Mtu akipitia nyuma ya hoteli yangu ya Kitale mwendo wa saa tano asubuhi, kabla watu wa chakula cha mchana hawajaanza kuingia, atanikuta nimesimama nje ya dirisha dogo la jikoni, nimenyoosha mkono kama mtu anayepokea komunyo. Mpishi ananimiminia tone la mchuzi katikati ya kiganja. Nalamba. Nasema neno moja, yeye anarudi kwa moto wake. Mimi siingii humo ndani. Hoteli ni tatu sasa, mbili Kitale na moja Bungoma mjini, zote nimezijenga kwa jasho langu, na kila moja nimeikatia dirisha kama hilo. Fundi wa ile ya pili aliniuliza kama ni la kutolea sahani. Nikamwambia la sahani liko upande ule mwingine, hili ni la mkono wangu.

Watu husema ni maringo. Maringo ninayo, siwezi kukataa. Mtu aliyetoka shule darasa la saba, leo akawa anaandika kazi watu wenye diploma, lazima atembee kifua mbele kidogo. Lakini dirisha si maringo. La kwanza lilikatwa kwa panga kwenye ukuta wa udongo, upande wa Tongaren, na halikukatwa kwa ajili yangu.

Nililelewa na Kukhu. Kwetu Bungoma, kukhu ni nyanya. Wazazi wangu walikuwa wamekodi shamba huko Kachibora, na huko watoto wadogo walikuwa mzigo, kwa hivyo nikaachwa kwa mama wa baba. Aliniita Kuka, yaani babu, kwa sababu nilirithi jina la marehemu mume wake, na akitaka kunituma mbali aliniita mume wangu. Boma lilikuwa la baba mdogo, kitinda mimba, ambaye kwa desturi yetu ndiye hubaki na mama. Nyumba kubwa ya mabati ilikuwa yake. Mke wake alikuwa na jiko lake upande mmoja wa ua, na Kukhu alikuwa na lake upande wa pili, la udongo na nyasi. Kila jiko lilikuwa serikali yake. Baba mdogo alikula kwa mama yake kwanza, halafu akala kwa mke wake kwa adabu.

Kukhu hakupika vitu vingi. Watu wakinisikia nikisifu chakula chake wanadhani palikuwa na nyama kila juma. Kuku tulimwona akitembea. Kilichopikwa kilikuwa mboga: murere ule wa kuteleza, kunde, managu, mitoo, saga chungu, na majani ya maboga tunayoita seveve. Ugali ulikuwa wa mahindi, lakini akipata wimbi alichanganya unga wake na wa muhogo, ukatoka ugali mweusi unaokaa kwenye sahani kama jiwe la msingi. Ule ukiula saa saba, jioni unakumbuka tu kwamba kuna watu wenye njaa. Asubuhi ilikuwa viazi vitamu na chai. Mvua za kwanza zikileta kumbikumbi, aliwakaanga bila mafuta, maana kumbikumbi huja na mafuta yake, na tuliwala kutoka mfukoni njia nzima mpaka shule.

Kunde alizichanganya na murere, akachemsha, akatia maziwa, akazilaza. Mboga ya siku ya kwanza ilikuwa ya watoto wenye haraka. Ile ya siku ya pili, iliyokunywa maziwa usiku kucha, ndiyo iliwafanya majirani wakumbuke kwamba hawajatusalimia muda mrefu.

Siri ya yote ilikuwa munyu. Sisi tukisema munyu hatusemi chumvi ya duka, hiyo nayo ilikuwepo. Munyu ni maji ya jivu. Maharagwe yakishavunwa na kupigwa, yale maganda makavu yanachomwa peke yake, bila kuni, bila taka. Jivu linawekwa kwenye mkebe uliotobolewa chini, mkebe unakalishwa juu ya chungu, unamimina maji polepole, na yanayodondoka yana rangi ya chai isiyo na maziwa. Kidogo chake hulainisha mboga ngumu na kuufukuza ule uchungu wa shambani. Kikizidi kidogo tu, mboga inakuwa sabuni. Hakuna kijiko cha kupimia. Mwanamke wa kwetu anamimina, anaonja, anamimina tena, na mkono na ulimi vinaelewana wenyewe.

Nilipokuwa darasa la sita, Kukhu alishikwa na homa iliyomlaza majuma mawili. Alipoinuka aliwasha moto akapika kama kawaida. Mboga ya siku ile haikuwa na chumvi hata chembe. Ya kesho yake ilikuwa na chumvi ya watu kumi. Nilidhani ni uchovu wa ugonjwa. Halafu siku moja nikatoka mtoni na mtungi wa maji, nikaona moshi mweusi unatoka mlangoni. Viazi vitamu vilikuwa vimegeuka makaa ndani ya sufuria, na Kukhu ameketi hatua mbili kutoka hapo, anachambua murere, uso umetulia.

"Kukhu, viazi vinaungua."

Akainua kichwa akautazama ule moshi kama mgeni ambaye hakubisha hodi.

"Kumbe," akasema.

"Hukusikia harufu?"

Aliepua sufuria kwanza, akaiweka nje, akarudi akaketi. "Tangu homa sisikii kitu, Kuka. Si puani, si mdomoni. Nikitafuna ugali ni kama natafuna kitambaa. Na wewe umesikia hayo na umeyasahau."

Baba mdogo alimkuta anasugua sufuria kwa mchanga. Kukhu akamwambia alisinzia. Kusinzia si ugonjwa, mtu yeyote husinzia. Lakini nyasi za paa zilikuwa zimebadilika rangi juu ya mafiga, na baba mdogo alikuwa na macho. Ilikuwa ile miaka ambayo simu za mkononi zilikuwa ndiyo zinaanza kufika kwetu, na mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu karibu na barabara. Baba mdogo akapanda huko kumpigia Senge, dada yake mkubwa aliyeolewa Kitale. Alipiga kelele sana kwa sababu Kitale ni mbali. Alipoteremka, kila mtu aliyekuwa akipalilia karibu alijua kwamba mama yake nusura aunguze jiko.

Senge akaja Jumapili. Senge ni shangazi, na kwetu neno la senge halipiti hivi hivi. Yeye alikuwa ameolewa na watu waliotoka Mlima Kenya wakanunua mashamba Trans-Nzoia, akajifunza mambo yao, na alikuwa na kibanda cha nguo sokoni. Akakaa mlangoni mwa jiko, akatazama juu kwenye nyasi.

"Mama, hii nyumba ikiungua na wewe ndani, ni mimi watauliza."

"Nilisinzia tu."

"Sasa si ndiyo nasema. Nakuja Disemba. Nikikuta mambo ni haya haya, tunazima hili jiko, unakuja kukaa kwangu Kitale. Kuna maji ya mfereji, kuna kitanda, hutainama tena."

Kukhu akauliza, "Na nitakula moto wa nani?"

"Wangu."

"Eeh," akasema Kukhu, akaendelea kuchambua mboga.

Sitaki mtu afikiri Senge alikuwa mkatili au hakujua kupika. Likizo moja nilikaa kwake Kitale, na nilikula vizuri. Githeri lake lilikuwa la mahindi mabichi na maharagwe mekundu, kitunguu kimekaangwa mpaka kimekuwa kahawia, na alinituma kwa duka la Singasinga mmoja mwenye ndevu nyeupe kununua bizari ya karatasi, ya kutia mwishoni. Jumapili aliponda viazi na mahindi na majani ya maboga, mkwe wake alivyomfundisha, tukala mukimo mpaka tukalala mezani. Chakula kilikuwa kizuri. Lakini kwetu mwanamke mzee ni moto wake. Akiwa na moto, watu wanakuja kwake, na anaweza kumpa mtu au kumnyima. Akizimiwa, anakuwa mtu wa kungojea sahani, hata kama sahani ni ya binti yake na imejaa. Nilimwona jirani mmoja alivyozimiwa jiko. Alikaa ukutani anaota jua, na mtoto wa miaka mitano ndiye aliyekuwa akimwambia chakula bado.

Kwa hivyo nikawa ulimi wa Kukhu. Hakuna aliyenituma. Nikitoka shule saa saba nilikimbia, nikaingia jikoni, nikafungua kiganja, yeye akamimina. Aliuliza neno moja tu.

"Imefika?"

Nilijibu moja kati ya matatu: imefika, bado, au imepita. Mwanzoni nilikosea. Nilisema imefika kwa sababu ya njaa. Kukhu hakukasirika. Alinipa ile mboga nikaila yote, peke yangu, na sikurudia kosa hilo. Baada ya mwezi nilikuwa najua kunde iliyochumwa asubuhi na iliyochumwa jana. Nilijua maziwa ya ng'ombe aliyekula nyasi za bondeni. Hesabu ya sehemu ilinishinda mpaka mwalimu akaacha kuniuliza, lakini ulimi, wacha niseme ukweli, sijaona wa kushinda wangu toka Bungoma mpaka Lwakhakha. Kila nilicho nacho leo kimetoka kwenye huo ulimi. Na mboga za Kukhu zikarudi kuwa zile za zamani, majirani wakarudi kusalimia, na baba mdogo akasema kumbe ilikuwa ni homa tu.

Halafu ikafika Agosti.

Kwetu wavulana wanatahiriwa mwezi wa Agosti, mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana, na huo ulikuwa mwaka wenyewe. Nilipiga kengele boma hadi boma kualika ndugu, nikapakwa matope mtoni alfajiri, nikasimama, sikupepesa jicho. Hilo waulize waliokuwepo. Watu walikunywa, walikula, Kukhu alicheza mbele ya wanawake wote. Sikufikiria jambo lingine mpaka nilipopona na kujengewa kibanda changu cha kulala, simba tunavyokiita, nyuma ya nyumba kubwa.

Mwanaume haingii jikoni. Hakai kwa mafiga, hafunui sufuria, hachungulii kinachopikwa. Chakula kinamfikia alipo. Mvulana anaweza kukaa kwenye majivu na mama yake akisonga ugali, lakini akishatahiriwa amemaliza. Nilikuwa najua hayo tangu zamani kama ninavyojua mvua inanyesha. Ila siku ya kwanza niliyotoka shule nikakimbia mpaka mlangoni kwa Kukhu, miguu yangu ikasimama yenyewe. Yeye alikuwa ameinua mwiko. Tukatazamana. Akaurudisha mwiko ndani ya chungu.

"Nenda ukakae na baba yako mdogo," akasema. "Chakula kitakuja."

Kilikuja. Kilikuwa kimepita.

Nilifikiria siku mbili, na nilipata dawa. Nilingoja Kukhu ameenda kisimani, nikaingia haraka kama mwizi, nikachota chumvi na munyu. Nilichukua kifuniko cha soda, hicho kikawa cha chumvi: kimoja kwa chungu kidogo, viwili kwa kikubwa. Kwa munyu nilichukua kikopo cha bati, nikakwaruza mstari ndani kwa msumari. Nilijaribu mara tatu kwa mboga ya siri nyuma ya migomba mpaka mstari ukakaa mahali pake. Jioni nikampitishia Kukhu vile vitu mlangoni, nikamweleza.

Alipitisha kidole ndani ya kikopo mpaka akaupata ule mkwaruzo.

"Nimepika tangu kabla baba yako hajazaliwa," akasema. "Sasa nipime kama mtu wa duka la dawa."

"Ni mpaka Disemba, Kukhu."

"Haya, daktari."

Akapima. Septemba mboga zilikuwa sawa, Oktoba zilikuwa sawa, Novemba zilikuwa sawa. Nilikuwa nakula mbele ya baba mdogo nikijisikia mkubwa kuliko yeye, na yeye hajui. Kama kuna kitu nimejifunza katika biashara, ni kwamba mtu huanguka pale anapoanza kujisifu moyoni bila kuangalia tena mkebe.

Maharagwe ya mvua za vuli yakavunwa. Kukhu akapiga, akachoma maganda mapya, akamwaga jivu la zamani shambani, akajaza jipya. Hilo ni jambo la kila mwaka, kila jiko la kwetu hufanya hivyo. Kilichonipita ni hiki: nilipokwaruza ule mstari, jivu la mkebe lilikuwa limemiminiwa maji mara nyingi, limechoka. Jivu jipya, maji yake ya kwanza, yana ukali mara mbili au tatu. Mwanamke yeyote anajua, na hajui kwamba anajua, kwa sababu ulimi wake ndio humwambia amimine kidogo. Mimi niliweka mstari nikadhani munyu ni munyu. Kukhu aliufuata mstari.

Senge alifika siku tatu kabla ya Krismasi na mfuko wa unga wa ngano na kanga mpya ya mama yake. Akaletewa chakula nyumba kubwa kwa sababu ni mgeni. Tulikaa watatu mezani, yeye, baba mdogo na mimi. Ugali ulikuwa ule mweusi wa wimbi. Mboga ilikuwa kunde na murere, ya kwanza ya jivu jipya, ya siku ya pili, imelazwa kwa ajili ya mgeni bila mtu kuigusa, inang'aa kwa maziwa. Kukhu alirudi jikoni kwake kungojea.

Nilimega tonge la kwanza, nikachovya. Povu. Ulimi wote ukateleza kama nimelamba mche wa sabuni. Nikatazama. Baba mdogo alikuwa ameacha kutafuna, shavu moja limejaa. Senge alimeza, akanywa maji, akaweka gilasi chini taratibu.

"Hii mboga," akasema.

"Ni mimi," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Ni wewe nini?" akauliza baba mdogo.

"Ni mimi niliongeza munyu. Niliingia jikoni Kukhu akiwa nje. Nilitaka ilainike haraka."

Baba mdogo alimeza kwa shida. "Wewe. Uliyepita kwenye kisu juzi."

"Ndiyo."

"Ati uliingia jikoni ukafunua sufuria."

"Ndiyo, baba."

"Tulichinja ng'ombe wa watu kwa ajili yako, kumbe tulikuwa tunatahiri mpishi." Alisukuma sahani. "Kesho utavaa na leso. Tutakuita mama nani? Si utuambie mapema tujue."

Kwa kijana wa miezi minne tangu tohara, hayo ni maneno ya kulala nayo miaka. Na yalinifuata kweli. Vijana wa rika langu walipopata habari waliniita Mama Munyu mpaka nikahama, na wengine wao leo wanakula kwangu, na wanalipa. Lakini Senge alikuwa hasikilizi mzaha. Alikuwa ananitazama mimi, halafu sahani, halafu mimi. Akainuka akavuka ua.

Nikatoka nikasimama nyuma ya jiko, nje, kwenye ukuta. Udongo ulikuwa na ufa. Sikuchungulia. Nilisikiliza.

"Mama, mtoto anasema ni yeye."

"Anasema nini?"

"Kwamba ameharibu mboga."

"Imeharibika?" akauliza Kukhu.

Hapo Senge akajua. Mtu aliyepika chungu kile, akalamba mwiko, hawezi kuuliza swali hilo. Nikasikia mkebe unasogezwa, halafu kikopo kinagongwa na kucha.

"Na huu mkwaruzo? Na hiki kifuniko kwenye chumvi? Tangu lini wewe unapima?"

"Tangu awekwe kisu," Kukhu akasema. "Kabla ya hapo alikuwa ananionjea. Ulimi wangu ulikufa na ile homa. Na pua. Sikusinzia siku ile ya viazi."

Senge akakiweka kikopo chini. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini. "Kwa hivyo nyumba inaweza kuungua wewe ukiwa umekaa."

"Inaweza."

"Basi, mama. Tumalize. Krismasi ikipita tunaenda."

"Twende," Kukhu akasema. "Lakini unijibu kwanza. Mtu akikatika mguu anapewa fimbo. Mimi nilikuwa na fimbo yangu, mkaitahiri mkasema isiingie tena kwangu. Sikukataa, nilicheza. Sasa nipeni fimbo nyingine, au mseme wazi kwamba mmechoka na mimi."

Baba mdogo alikuwa amefika mlangoni wakati huo, nusu ndani nusu nje, kwa sababu hata yeye ni mwanaume. Alisikia. Kutoka pembe ya ukuta nilimwona anajikuna shingo. Akaniona na mimi nimejibanza ukutani.

"Ulisema uongo mezani," akaniambia.

"Ndiyo, baba."

Akaenda zake.

Asubuhi niliamshwa na kishindo. Nikatoka simba yangu nikamkuta baba mdogo na panga, anakata ukuta wa jiko la mama yake, upande ule wa nje niliokuwa nimesimama jana. Udongo unaanguka, fito zinatokeza, naye anazikata moja moja. Senge akatoka na kanga kiunoni.

"Unabomoa kabla hatujaondoka?"

"Njoo hapa," baba mdogo akaniambia mimi. "Simama. Nyoosha mkono. Hapana, kama unapokea kitu." Akapima urefu wa kiwiko changu kwenye ukuta, akaongeza tundu kidogo upande wa chini. Akalisawazisha na udongo mbichi. Lilikuwa dirisha la ukubwa wa sinia. "Mwanaume haingii jikoni," akamwambia dada yake. "Sijasikia mzee yeyote akisema mkono hauingii."

"Na moto?" Senge akauliza.

"Dirisha linaangalia njia ya kisimani. Moshi ukitoka hapo kila mtu ataona. Na hakuna kitu kitainjikwa kama hakuna mtu uani. Mama, umesikia?"

"Nimesikia," sauti ya Kukhu ikatoka kwenye lile tundu.

Senge alizunguka akatazama kwa ndani, akazunguka akatazama kwa nje. Alikuwa mtu wa soko, alijua kukagua kitu. "Mpaka Pasaka," akasema. "Tutaona."

Siku hiyo Kukhu alipika managu, kwa jivu lile lile jipya. Nilisimama nje. Mkono wake ukatokea na mwiko, wangu ukaingia. Tone likaanguka kiganjani.

"Imefika?"

"Bado."

Mkono ukarudi, ukakaa, ukatokea tena.

"Sasa?"

"Imefika."

Senge alikula sahani mbili. Hakusema lolote juu ya Kitale, wala Pasaka ilipofika hakuuliza. Kikopo changu Kukhu alikifanya cha kunywea maji ya kuku.

Niliacha shule mwaka uliofuata. Ada ya mtihani haikupatikana na kusema kweli sikuilia. Kidogo baadaye Senge akanitafutia kazi Kitale, kuosha sahani uani kwenye hoteli karibu na steji, na huko ndiko nilikoanza kupanda, kutoka sahani hadi chapati za kupika nje barazani, kutoka chapati hadi kibanda changu mwenyewe cha mboga za kienyeji. Hayo nitayaeleza siku nyingine kwa mtu atakayeuliza, maana ni marefu na yote ni ya ushindi. Lililonisumbua wakati naondoka lilikuwa moja: nani atasimama dirishani. Nilimuuliza Kukhu. Akasema nisijisumbue, ulimwengu una ndimi nyingi.

Nilirudi mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, bila kutangaza. Nilipitia njia ya kisimani, ile inayotazamana na dirisha. Baba mdogo alikuwa amesimama pale, koti la Jumapili mgongoni, mkono umeingia ukutani mpaka kwenye kiwiko. Nikamsikia anasema, "Imefika, mama." Akageuka kulamba, akaniona. Akaurudisha mkono haraka akautia mfukoni mwa koti, na mchuzi wake wote.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja, baba."

"Nilikuwa naangalia kama ukuta una nyufa."

Nikaingia nyumba kubwa nikaketi. Chakula kikaletwa, murere na kunde, ya siku ya pili. Munyu ulikuwa sawa. Chumvi ilikuwa imepita, si kidogo. Nilikula mpaka nikafuta sahani kwa tonge, na Kukhu alipotuma mtu aniulize kama inatosha, nikasema niongezwe.